Kikohozi cha Hekaluni

Haya yote ni kweli tupu. Haki ya Mungu, naapa, na naapa nikiwa nimekaa kwa sababu goti langu la kushoto halipendi viapo vya kusimama. Atakayepata uongo humu, hata uongo wa kujaa kwenye kisoda, nitakwenda barazani kwa shemeji yangu Mbaruku, fundi redio, na mbele ya wateja wake wote nitampa shikamoo.

Wanaonijua wanajua uzito wa kiapo hicho. Mbaruku ni mdogo wa mke wangu. Siku aliyotoka jandoni, aliyembeba mabegani ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaoa, nimeshaanza kuota kitambi. Leo kwa kuwa mvi zake zimewahi kuliko zangu, kila nikipita barazani kwake anakohoa. Ati anangoja. Atangoja sana.

Sasa, nilifikaje Sayari ya Bwerere? Nilisinzia kwenye treni. Nilikuwa nashuka Korogwe, usingizi ukanichukua, nikapitiliza. Basi. Watu wanapitiliza vituo kila siku na hakuna anayewahoji. Mimi nimepitiliza mbali kidogo tu, mnataka maelezo.

Bwerere ni sayari ndogo, udongo wake mwekundu kama unga wa tofali, na hakuna kitu cha bwerere kule isipokuwa jina. Ina mwezi mmoja, nao umekodishwa. Aliyekuwa akiitawala ni Mtukufu Ngurumo Jabali, Mkubwa Kuliko Wote. Nawaomba mlisome jina hilo taratibu, maana "Kuliko Wote" haikuwa sifa, ilikuwa sheria. Ilikatazwa mtu yeyote kumzidi umri. Waliokuwa wamezaliwa kabla yake, kwa bahati mbaya au kwa ukaidi, waliitwa ofisini wakapunguzwa. Kwa macho yangu haya nimewaona vikongwe wakiingia kwa mkongojo na kutoka kwa mkongojo ule ule wakiwa na miaka thelathini na tano, na pensheni wamenyimwa kwa sababu bado ni vijana, taifa linawategemea.

Hata mama yake mzazi, Bi Sikudhani, alipunguzwa. Sheria ilimfanya mdogo wake wa mwisho.

Kazi ya kulinda mambo hayo ilikuwa ya Wizara ya Salamu, chini ya Waziri Tambarare, mtu aliyeinama miaka mingi mpaka mgongo wake ukasahau njia ya kurudi. Kila aliyekutana na Mtukufu alitamka "Shikamoo", na Mtukufu akaitikia "Marahaba". Maneno mengine aliwagawia watumishi. Alikuwa na mtu wa kumsemea asante, mwingine wa kumsemea pole, na kijana mmoja mwenye sauti nzito wa kusema hapana. Neno lililobaki kinywani mwake mwenyewe lilikuwa "marahaba", na alilitamka vizuri kweli, kwa sauti ya pipa tupu likibingirika. Ukimletea kiti, marahaba. Ukimletea hukumu ya mtu akubali, marahaba. Serikali nzima ilikuwa inaendeshwa kwa neno hilo.

*

Nje ya mji mkuu, juu ya kilima, lilikuwapo Hekalu. Nani alilijenga hakuna ajuaye. Mawe yake ni meusi, makubwa kama mabehewa, yamepangwa bila chokaa, na kati ya jiwe na jiwe hata wembe haupiti. Halina dirisha. Lina mlango mmoja mfupi wa kumfika mtu kifuani, ndiyo kusema kila aingiaye sharti ainame. Watu wa Bwerere hawakuliita Hekalu. Walisema "kwa Mzee". Ukiwauliza mzee gani, wanatazama pembeni na kuanza kuzungumzia mvua.

Mtukufu akataka Jubilii yake ifanyike humo, kwa sababu kilikuwa ndicho kitu pekee katika sayari ambacho bado hakijapunguzwa umri. Tatizo ni mlango. Mtukufu hainami. Basi wakapelekwa mafundi na nyundo na patasi ili waupandishe.

Tukawasikia kutoka chini ya kilima: ko, ko, ko. Halafu kimya. Halafu wakatoka mmoja mmoja, uso kama majivu, midomo inakwenda kama ya samaki na sauti hakuna. Fundi mkuu alijaribu kueleza kwa mikono. Akakunja ngumi, akaiweka mdomoni, akatikisa mabega. Akarudia. Wizara ya Afya ikaelewa, ikaleta dawa ya kikohozi, pipa zima.

Serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi. Wakaingia watu wazito, wenye miwani. Wakatoka bubu. Ripoti yao ikasifiwa bungeni kuwa ndiyo ya kwanza katika historia ya nchi isiyo na utata wowote.

Lakini mjini watu walikuwa wameanza kunong'ona, na hata minong'ono ilikuwa inakatika katikati, kila mtu anashika koo lake kuhakikisha bado lipo. Wanawake waliokuwa wakiimba kisimani wakaacha. Ukipanda njia ya kilimani unasikia mapigo ya moyo wako mwenyewe masikioni. Na ukisimama karibu na ule mlango, kutoka ndani kwenye giza, inakupuliza hewa ya baridi, inakuja na kurudi. Kama pumzi. Mimi siongezi chumvi hapa. Chumvi iko mbele.

*

Ikafika Siku ya Shikamoo. Siku hiyo nchi nzima hujipanga uwanjani kumwamkia Mtukufu, mtu mmoja mmoja, kwa zamu, na walinzi wanahakikisha hakuna anayemtazama usoni, kwa maana sheria ilikataza. Watu wa Bwerere wanamjua kiongozi wao kwa viatu. Mimi mgeni sikuijua sheria hiyo, nikamtazama. Nikaona uso wa kawaida, mviringo, wa mtu ambaye hajalala vizuri muda mrefu.

Foleni ikasogea. Ikafika zamu ya kibibi mwembamba, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Ni Bi Sikudhani. Hakuinama. Aliinua macho moja kwa moja.

"Kitumbua!" akasema. "Mbona umekonda hivi? Hawakulishi?"

Uwanja ukaganda. Waziri Tambarare akaja mbio akiwa ameinama vile vile.

"Bi mdogo, hapa tunaamkia kwanza, maswali baadaye."

"Bi mdogo nani?"

"Wewe. Kwa mujibu wa sheria wewe ni mdogo wake Mtukufu, wa mwisho kuzaliwa."

"Alaa. Na aliyetuzaa sote wawili ni nani?"

Waziri akapekua makaratasi yake. "Suala hilo liko kwenye mchakato."

"Haya, wewe mchakate," akasema Bi Sikudhani. "Huyu nimemzaa mimi. Uchungu tangu alfajiri mpaka alfajiri, kichwa chake kikubwa kama dafu. Leo niambiwe nimwamkie? Thubutu. Yeye ndiye ana shikamoo yangu, hajanipa tangu apate hicho kiti. Nangoja."

Akasimama, mikono nyuma. Kisha akakohoa.

"Ehem."

Msomaji, hicho kikohozi unakijua. Hakitokani na mafua. Ni kile cha mtu mzima aliyekaa barazani, nawe unapita unajifanya humwoni. Kifupi, kikavu, kinakushika ukosi wa shati. Nilimtazama Mtukufu, na naapa kwa goti langu zima lile la kulia, midomo yake ilijikunja. Niliona "Shi" ikianza. Waziri akaona jasho tu likidondoka kwenye viatu, akaashiria, ngoma zikapigwa, na ile "Shi" ikapotelea humo.

"Mtukufu," akasema Waziri, "mkaidi huyu apelekwe Hekaluni akajifunze adabu. Ikubalike?"

Ngoma zikanyamaza. Mtukufu alichelewa. Watu elfu walikuwa wanatazama viatu vyake, na viatu havikusogea. Halafu ile sauti ya pipa ikatoka, lakini ndogo, kama pipa lenyewe lilikuwa na tundu.

"Marahaba."

*

Tulimsindikiza mpaka kilimani. Kila mtu alijua anachokwenda kuacha kule. Bi Sikudhani alikuwa na sauti ya mikwaruzo kidogo, ile ya kuitia watoto chakula wakiwa mbali, na njiani watu wazima walikuwa wanamchokoza kwa maswali ya ovyo ovyo, bibi unaumwa, bibi unataka maji, ili tu waisikie tena kabla haijaisha.

Mlangoni akainama. Kabla unyayo wake haujavuka kizingiti, tulimsikia:

"Shikamoo, mzee."

Akamezwa na giza. Tukangoja. Nilikuwa nabana mkojo tangu uwanjani na sikuthubutu kusogea. Hata ile hewa ya mlangoni ikasimama, haiji wala hairudi.

Halafu akatoka, anapangusa magoti.

"Maskini, mpweke huyo mzee wa watu," akasema, na sauti yake iko vile vile, mikwaruzo na yote. "Kaitika vizuri tu. Kaniuliza habari za nyumbani. Anasema wote wanaoingia humu wanampita kama gogo."

Nyuma yangu mtu alianza kucheka kwa furaha, kisha akakumbuka yuko nchi gani, akageuza kicheko kuwa chafya. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Humo ndani kuna mtu. Na mtu huyo ni mkubwa.

*

Baraza la Mawaziri likakaa pale pale kwenye majani. Tambarare ndiye aliyefungua kikao.

"Mtukufu, kama humo kuna mzee, basi wewe si Mkubwa Kuliko Wote. Na kama wewe si Mkubwa Kuliko Wote, mihuri yote ya nchi inasema uongo. Na kama mihuri inasema uongo, sisi ni nani?"

 Wakakubaliana hivi: Mtukufu aingie mwenyewe na Baraza lake, asimwamkie mtu, atoke na sauti yake. Akitoka nayo, imethibitika humo hamna mkubwa wake. Na ikithibitika hivyo, Bi Sikudhani ni mhaini: ameamkia upepo mbele ya kiongozi wake. Atafungwa kitambaa mdomoni, arudishwe ndani, afungiwe humo na hicho kikohozi walichokionyesha mafundi, asiweze kutamka hata herufi moja. Safari hii atatoka hana hata mlio. Na atakayetamka shikamoo humo ndani, awe nani awe nani, atapata kitambaa chake.

"Inakubalika?" akauliza Waziri.

Mtukufu alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anaokota majani yaliyomganda kwenye kanga.

"Marahaba."

Ukabaki mlango, kwa maana mafundi walikuwa wamekata shubiri moja tu kabla ya kupotewa na sauti. Mtukufu hainami, mlango haupandi. Wakaja na ufumbuzi wa kitaalamu: kiti chake kikatwe miguu, abebwe chini chini kama chungu cha moto, apite akiwa amekaa wima. Walitafutwa wabebaji wenye magoti mazuri. Ndipo mimi, kwa sababu zama hizo magoti yangu yote yalikuwa yananitii, nikapewa pembe ya nyuma, upande wa kushoto.

Bi Sikudhani alikuwa amekalishwa jiwe la pembeni, chini ya ulinzi wa Afande Kidevu, mkuu wa walinzi, aliyekuwa ameshakunja kitambaa tayari, kisafi, kimepigwa pasi. Nilipopita karibu bibi akanivuta shati.

"Mwanangu, wewe si wa huku."

"Siyo, bibi. Nilipitiliza kituo."

"Huko kwenu mnawaamkia wakubwa?"

"Tunawaamkia, bibi."

"Basi mkifika ndani mkumbushe huyo. Alikuwa na adabu sana. Alikuwa akiamkia hata mbuzi wa jirani, nikimuuliza ananiambia, mama, ana ndevu."

Nilitaka kucheka. Afande akakunjua kitambaa, akakipima kwa macho, akakikunja tena. Sikucheka.

*

Tukaingia. Mbele Waziri Tambarare, ambaye mlango haukumpa tabu hata kidogo. Katikati kiti. Nyuma mawaziri wengine, wanasukumana kila mmoja awe wa mwisho.

Mle ndani giza ni zito. Taa tulizokuwa nazo zilimulika mikono iliyozishika na hazikuvuka hapo. Sakafu ni ya jiwe, imelika katikati, kama baraza iliyokaliwa muda mrefu sana na mtu mmoja. Tukaweka kiti chini.  Nilisikia mate ya waziri mmoja yakishuka kooni.

"Unaona, Mtukufu," Tambarare akanong'ona, "hamna m..."

"Ehem."

Kilitoka mbele yetu. Sikusikia hasira ndani yake. Kama kingekuwa na hasira ningejua la kufanya, ningekimbia. Kilikuwa na subira.

"Ni upepo," akasema Waziri. "Upepo wa kawaida wa majengo ya..."

"Ehem."

Safari hii karibu, karibu sana, usawa wa sikio. Na neno la Waziri halikumalizika. Niliona kwa mwanga wa taa mdomo wake ukiendelea, majengo ya kale, majengo ya kale, na hakuna kinachotoka. Nyuma yetu mawaziri wakaanza kushika makoo. Mmoja akapiga yowe, yaani alifungua kinywa chote cha kutosha yowe, na ukatoka ukimya mtupu. Hakuna kitu cha kutisha kama kundi la watu wenye maneno mengi wamefungua midomo kwa pamoja na husikii hata nzi.

Mtukufu alikuwa bado. Niliona mabega yake. Mtu mzima yule alikuwa anatetemeka kama mtoto aliyepitia mlango wa nyuma akamkuta babu amekaa pale pale.

Nikainama sikioni kwake, nikasahau kitambaa, nikasahau cheo. "Mwamkie, mzee," nikanong'ona. "Neno moja tu."

"Shi," akasema.

Hewa yote ya Hekalu ikasimama kumsikiliza.

"Shi... shi..." Jasho likamtoka. Alikuwa analitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wenye tundu. Miaka mingapi hajalitumia? Wa kulisema kwa niaba yake hakuwahi kuajiriwa, maana halikuwahi kuhitajika. "Shi..."

"Ehem."

"MARAHABA!" akasema Mtukufu.

Jamani. Ameitikia kabla ya kuamkiwa. Kwa mzee wa watu. Nyumbani kwake.

 Halafu gizani nikasikia kitu kikijikunyata polepole, kama mtu aliyetaka kusimama kumpokea mgeni, akaghairi, akakaa tena. Hakuna kingine kilichotokea. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu kuliko yote. Tukabeba kiti, tukakimbia.

*

Nje umati ulikuwa umejaa mpaka chini ya kilima. Afande Kidevu akajiweka wima.

"Mtukufu! Sauti ipo?"

"Marahaba!"

Umati ukalipuka. Ipo! Ametoka nayo! Hamna mzee! Ngoma zikaanza. Mimi nilikuwa karibu, nikaona uso wake, nikaelewa. Alikuwa anataka kusema jambo refu, na lililotoka ni lile moja. Mzee wa ndani alikuwa amemwachia neno lake mwenyewe na kuchukua mengine yote.

"Basi imethibitika," akasema Afande. "Mhaini afungwe kitambaa?"

Mtukufu akatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana. Lakini nimeshawaambia, kule watu wanatazama viatu.

"Marahaba!" akalia.

Afande akamfunga bibi kitambaa. Bi Sikudhani hakupigana. Alimtazama tu mwanawe juu ya kile kitambaa, kwa macho ya mtu anayengoja chungu kichemke.

"Tumrudishe ndani?"

"Marahaba! Marahaba! Marahaba!" Alikuwa analia sasa, machozi kabisa, na kila alivyopaza sauti walinzi waliongeza mwendo, wakijua Mtukufu ana haraka. Waziri Tambarare, ambaye angeweza kufafanua, alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama kambale. Nikapiga kelele mpaka koo likauma: "Afande! Anakataa! Mtazameni usoni, anakataa!"

"Kimya, mbeba kiti," akasema Afande.

Wakafika mlangoni. Wakamwinamisha bibi. Hatua moja imebaki.

Ndipo Bwerere ikaona kitu ambacho haijawahi kukiona: viatu vya Mtukufu vikikimbia. Kiatu kimoja kikabaki njiani. Akawapita walinzi, akajitupa kati ya mama yake na lile giza, na kwa kuwa mlango ni mfupi na yeye alikuwa amefika kwa kasi, kichwa kikagonga jiwe, akaanguka magoti, ameinama, uso umeelekea ndani.



Nyuma yake, ndani ya kitambaa kilichopigwa pasi, kikatoka kikohozi kidogo, kimezibwa, kifupi.

"Mhm."

"Shi," akasema Mtukufu. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye paji la uso. "Shi... shika... shikamoo, mama."

Nilishuhudia Afande Kidevu akiinua macho kutoka kwenye kile kiatu kimoja, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. Bi Sikudhani akashusha kitambaa kwa kidole.

"Marahaba, Kitumbua," akasema. "Sasa inuka, unachafua suruali."

Na kutoka ndani, kwa kuwa uso ulikuwa umeelekea ndani na mzee wa watu naye hakutaka kujua zaidi ni nani aliyeamkiwa, ikaja sauti nzito, ya zamani, iliyoridhika:

"Marahaba."

*

Redio ya Taifa ilitangaza jioni ile ile kwamba Mtukufu hakuinama mahali popote. Alikuwa akitafuta kifungo cha shati kilichoanguka karibu na mlango, akakipata, na wananchi wanapongezwa. Kile kifungo kikawekwa jumba la makumbusho.

Mafundi na watu wa Tume walipanda kilima siku iliyofuata, wakainama, na kwa kuwa ulimi haukuwa na sauti walimwamkia mzee kwa midomo mitupu. Akawaitikia, wakateremka wakiongea. Mawaziri walikataa kupanda. Walisema kwa ishara kwamba suala liko kwenye mchakato. Wakabaki bubu, na vikao vya Baraza vikawa vifupi, na ajabu, barabara mbili zikajengwa. Bi Sikudhani akarudishiwa umri wake wote, hakukatwa hata mwezi.

Mimi nikapanda treni ya kurudi, na safari hii sikusinzia.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza. Mke wangu, Mwantumu, ndiye msomaji wangu wa kwanza, kwa sababu miwani iliyopo nyumbani ni moja na anaivaa yeye. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha jikoni, anasoma kwa sauti huku anachambua mchicha. Akasoma mpaka mwisho. Akarudi nyuma kurasa mbili.

"Hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipopiga kelele. 'Afande, anakataa.' Kila aliyeingia mle asiamkie alitoka bubu. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na wewe uliingia. Pembe ya nyuma, upande wa kushoto."

"Niliingia."

"Ulimwamkia yule mzee au hukumwamkia?"

Nikatazama mchicha. "Nilimwamkia... moyoni."

"Kama ulimwamkia, mbona hakukuitikia? Hata waliomwamkia kwa midomo mitupu aliwaitikia. Na kama hukumwamkia, basi ulitoka bubu." Akavua miwani. "Wewe. Bubu. Miaka yote hii niliyokaa humu ndani na wewe. Laiti!"

"Mama Rukia, hadithi ina..."

"Uliapa." Alikuwa ameshasimama, anajitanda kanga. "Nimekusomea mwenyewe, mstari wa kwanza. Uongo wa kujaa kisoda, ulisema. Huu unajaa sufuria. Twende."

Barazani kwa Mbaruku palikuwa pamejaa. Siku nyingine huwa na mteja mmoja na paka. Mbaruku alikuwa ameinamia redio iliyofunuliwa tumbo, chuma cha kuchomea mkononi, hakuinua kichwa. Lakini mabega yake yalikuwa yameshajua. Sijui Mwantumu alituma habari kwa nani, na saa ngapi.

"Ehem," akasema Mbaruku.

Nikatazama mawingu. Yalikuwa ya kawaida.

"Ehem."

Nikasema goti linauma.  Nikafungua mdomo, na neno lenyewe, ambalo nimewapa watu wengi tangu utotoni bila kufikiri, likasimama kooni kama mwiba wa perege. Nikamkumbuka yule mtu kwenye kiti kisicho na miguu, nikamhurumia kuliko nilivyomhurumia wakati wa kuandika.

Nyuma yangu mke wangu akakohoa.

"Shi... moo," nikasema.

"Sikusikia vizuri, shemeji. Redio ina mikwaruzo."

Redio ilikuwa haina hata betri.

"Shikamoo," nikasema. "Shikamoo, Mbaruku."

Mbaruku akaweka chuma chake chini. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Shule mnafunga lini?"